Bustani Iliyokatazwa Mafuta

Katika kampi nzima ya reli, hapo Elisabethville, hakukuwa na bustani nyingine ambayo mtu alikatazwa kuikaribia akiwa amejipaka mafuta. Umetoka kuoga, ngozi inang'aa kwa mawese, unapita kwa Léonard kumwamkia mkewe, basi Léonard mwenyewe angekutokea mbio, mkono juu, kama askari wa barabarani. "Simama pale pale! Uko na mafuta!" Wageni walicheka. Wenyeji walikuwa wameacha kucheka zamani. Walishasikia habari za jogoo mnene wa jirani yao Ma Edith, aliyekatiza bustani ile mchana wa jua kali, akatokea upande wa pili ameiva tayari, amebaki kutiwa chumvi tu. Waliomla walitajwa kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyekana.

Chanzo cha yote kilikuwa kifua cha Albertine.

Albertine alikuwa mtoto wa Kilwa, si ile ya pwani bali ile ya bara, amekulia kando ya ziwa la Mweru, mahali ambapo upepo hauombi ruhusa kwa mtu. Léonard, mchomea vyuma wa karakana ya reli, alimwoa na kumleta mjini katika miaka ile baada ya vita. Wakapewa nyumba ya matofali ya kampi: vyumba viwili, mlango mmoja, na dirisha dogo ambalo Léonard alisema liliwekwa ili nzi wasipotee njia. Mvua za kwanza zilipita vizuri. Mvua za pili akamzaa Wivine, na kifua kikaanza. Kilikuwa kinakuja saa za jioni. Kwanza ni kama mkono wa mtu anayekushika koo kwa mzaha. Halafu mzaha unakwisha na mkono unabaki. Albertine alikuwa akiketi mlangoni, viganja magotini, anavuta pumzi kwa sauti ya bawaba kavu, na chungu kinaungulia nyuma yake.

Monganga, daktari wa kampi, alimpa dawa ya maji yenye rangi ya waridi, akamwambia atafute hewa nzuri. Hakumwambia inatafutwa wapi.

Maneno hayakai mji mmoja. Madereva wa kamyoni za samaki waliyabeba pamoja na chumvi hadi Kasomeno, toka Kasomeno hadi Kilwa, na jibu likarudi kwa kamyoni zile zile, mdomoni mwa dereva, kutoka kwa Mumba, kaka mkubwa wa Albertine: mvua zikianza kukatika atakuja mwenyewe kumchukua dada yake. "Alisema vile vile," dereva akaeleza, akitazama kofia yake. "Alisema: nilimupa Léonard muntu muzima, sitangojea anirudishie sanduku."

Albertine aliwajua watu wa kwao. Mke mgonjwa akirudishwa kwao kupumzika, mapumziko hayaishi. Shangazi yake alichukuliwa hivyo hivyo, kwa kiangazi kimoja tu, akazeekea huko, na mumewe akaoa mwingine. Naye Albertine hakutaka. Alimpenda mwanamume yule anayenuka chuma cha moto, mwenye nyusi zilizoungua nusu. Aliipenda nyumba yake ya matofali, hata king'ora cha asubuhi alikuwa amekipenda. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kabisa: ama apate kupumua kabla Mumba hajafika, ama apande kamyoni na Wivine mgongoni, na Léonard abaki na viti viwili vitupu.

Jumapili moja baada ya misa alikuja jirani yao Floribert Kapinga. Huyu alikuwa mtu wa Kasai, karani wa mizigo pale stesheni ya gari la moshi, msomaji mkubwa wa vitabu, na kila alichosoma alikuwa hawezi kulala nacho peke yake. Akaketi, akapangusa miwani.

"Mama Wivine," akasema, "weye haukose hewa. Hewa iko mingi. Unakosa oksijeni."

Léonard alikuwa anatafuna karanga. Akaacha.

"Oksijeni?"

"Oksijeni."

"Ile niko naijua, karani. Ndiyo, njo kazi yangu. Iko mu chupa ya chuma, murefu sawa mutoto wa masomo, inakuja na treni, na chef, mukubwa wa karakana, anaifungia na kufuli."

"Ile bazungu balifunga mu chupa. Lakini njo ile ile tunapumua. Na majani njo inaitengeneza. Jani ikipata jua na mayi, inatoa oksijeni."

Léonard alicheka hadi akashika ukuta. "Baba! Mie minakata reli na oksijeni! Reli, chuma ya treni! Sasa unaniambia mboga ya lengalenga ya muke wangu inaweza kukata reli?"

"Kitabu njo inasema."

"Muntu aliandika ile kitabu alikuwa amekunywa."

"Bon," akasema Floribert bila kukasirika, maana watu wa kampi walikuwa wamemzoesha kuchekwa. "Mie niko na kitabu, weye uko na kazi. Unaitambua na nini, oksijeni?"

Hapo Léonard akaacha kucheka. Kulikuwa na mchezo wa vijana pale karakana, chef akigeuka. Unafungua kidogo mdomo wa chupa, unachukua kijiti kilichozimwa moto, kimebaki na kaa jekundu kichwani, unakisogeza. Kikifika penye oksijeni, kinawaka chenyewe bila kupulizwa. "Kijiti haiwezi kudanganywa," akasema polepole.

Albertine akasogeza kiti, mkono kifuani. Sasa akauliza:

"Majani gani?"

"Namna gani, mama?"

"Unasema majani inatoa. Lakini sombe na lengalenga haizae sawasawa, haipende mayi sawasawa. Majani gani njo inatoa mingi? Nipande ile."

Floribert akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Kitabu haikufika pale."

"Basi siye tutafika," akasema Albertine.

Kesho yake Léonard alipita kwa duka la Mgiriki, akaomba mabokali, mitungi ya kioo ambayo peremende zake zilikuwa zimekwisha. Albertine akaweka beseni kubwa la bati lenye maji uani, jua linapopiga. Floribert ndiye aliyeeleza namna: unatia jani ndani ya bokali, unajaza maji mpaka juu, unaligeuza kichwa chini ndani ya beseni, maji yasimwagike. Jani likitoa kitu, kitapanda kikusanyike juu, kisukume maji yashuke.

Akaanza kuchagua. Alichuma jani la mgomba, la mpapai, sombe la muhogo, matembele, mnanaa. Floribert alimletea jani la jakaranda kutoka barabara ya wazungu, amelificha ndani ya kofia, akitembea kwa unyoofu wa mtu aliyeiba. Maua mekundu ya mbele ya stesheni nayo yalitoa jani lake, mlinzi akiwa anatazama treni ya Rhodesia. Majirani walipita, wakasimama.

"Mama Wivine, unafundisha majani kuogelea?" aliuliza Ma Edith wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye sauti iliyosikika hadi posta.

"Niko naangalia ile inajua kupumua."

"Jani ipumue! Na pua gani?"

Lakini Ma Edith hakuondoka. Alichuchumaa. Kwa maana mgongoni mwa jani la mpapai vilikuwa vimetokea viputo vidogo sana, vimepangana kama shanga, na kimoja kilikuwa kinajinyofoa taratibu, kinatetema, kinapanda.

Siku zile Albertine alijua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Alijua kwamba jani changa linatoa kuliko jani kuukuu, na lililozoea jua kuliko lililozoea kivuli. Mchana mmoja wingu lilifunika jua, akaona viputo vimekoma vyote pamoja. Jua likarudi, vikaanza. Akadhani macho yanamchezea. Akavua kitenge, akakitandaza juu ya bokali, akangoja, akachungulia: hakuna kinachopanda. Akakiondoa. Jani likakaa kidogo, halafu kiputo kimoja, kingine, kingine. Akafunika tena. Akafunua tena. Chungu kikaungua ndani, hakujali. Alikuwa na jani mkononi mwake, analizima na kuliwasha.

Hata hivyo kijiti kilikataa. Léonard aliporudi kazini alikuwa akichovya kaa lake katika kila bokali, na kila mara kaa lilibaki kama lilivyo, au likazimika. "Hii ni hewa tu," alikuwa akisema. "Hewa ya bure." Kisha, kwa kuwa alimwona mkewe anatazama chini: "Lakini ni hewa ya bure muzuri."

Siku ya kufua, Albertine alishuka mtoni Lubumbashi na wanawake wenzake. Penye maji yanayotulia, chini ya mawe ya kufulia, kulikuwa na majani ya maji, membamba, marefu, yanalala na mkondo kama nywele za mtu anayesukwa. Kwao Kilwa yalikuwa takataka. Yalinasa katika nyavu, na wavuvi waliyatupa kwa matusi. Alikuwa anataka kuyasogeza asafishe nepi za Wivine. Jua likapiga. Akaona yanachemka.

Hayakuwa yanachemka. Maji yalikuwa baridi. Lakini kutoka katika kila uzi wa majani yale kulikuwa na mstari wa viputo, mstari usiokatika, unapanda wima, mamia ya mistari, mto mzima umetundikwa nyuzi za kioo. Wanawake walifua juu yake miaka yote. Yeye mwenyewe alifua juu yake. Akayajaza ndoo, akasahau nepi moja juu ya jiwe, na hadi leo haijulikani nani aliichukua.

Safari hii bokali halikuhitaji kubembelezwa. Siku za jua kali zilifuatana, na maji ndani yake yakashuka, yakashuka, mpaka juu pakabaki patupu pa kimo cha kiganja. Jumamosi alasiri, Léonard alipoacha kazi mapema, wakaliingiza ndani pamoja na beseni lake. Floribert alikuwepo na kitabu chake. Ma Edith alikuwepo kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia. Wakafunga mlango na dirisha pawe na giza kidogo. Albertine akatia sahani chini ya mdomo wa bokali, akaligeuza, akaliweka mezani, sahani ikiwa kifuniko. Léonard akawasha kijiti, akakizima, kikabaki na kaa dogo jekundu linalosinzia.

"Fungua," akasema.

Albertine akasogeza sahani. Kijiti kikashuka.

Kaa likafungua jicho. Likatoka wekundu, likawa manjano, likawa jeupe, na kabla mtu hajameza mate moto ukasimama juu ya kijiti, hakuna aliyepuliza, hakuna upepo, moto mdogo mnyoofu, mweupe kiasi cha kuwaonyesha kila ufa wa ukuta na kila nyusi iliyoungua ya Léonard. Wivine, mgongoni mwa mama yake, akanyoosha mkono kuuchukua. Léonard akatoa kijiti, akakizima, akakirudisha. Kikawaka tena. Akakizima. Kikawaka tena.

Ma Edith, kwa mara ya kwanza tangu kampi ijengwe, hakuzungumza. Floribert alivua miwani na kuishika kama kofia kanisani. Alikuwa amekisoma kitabu kile chote, na sasa ndiyo alikuwa anakiamini.

Albertine alifungua mlango kuingiza mwanga, akasimama pale. Mbele yake mgomba wa jirani ulikuwa umesimama juani bila kufanya lolote, kama kawaida ya migomba. Lakini haukuwa haufanyi lolote. Wala majani ya mtaro, wala mijakaranda ya wazungu, wala msitu ule unaoanza mwisho wa mji na kwenda mpaka Kasomeno, mpaka ziwani, siku nzima ya safari bila nyumba hata moja. Yote yalikuwa kazini. Tangu kabla ya bibi yake, tangu kabla ya reli, kitu kinachokuja na treni kimefungiwa kwa kufuli kilikuwa kinatengenezwa kimya kimya na kila kilicho kijani, na king'ora chao ni jua peke yake. Akaketi kizingitini, na hakuwa anaumwa.

Ndipo Léonard akashtuka.

"Mama Wivine!" akapiga kelele. "Mbabula iko wapi?"

Mbabula, jiko lile la makaa, lilikuwa pale pale lilipokaa kila siku: ndani, pembeni mwa mlango, linawaka, na chungu cha maharagwe juu yake, na kopo la mawese kando. Léonard akalitazama kama mtu anayetazama nyoka kitandani. Kwa maana siku ya kwanza ya kila mchomea vyuma, kabla hajaruhusiwa kushika chochote, chef humsimamisha mbele ya chupa na kumfundisha sheria moja: oksijeni na mafuta havikai pamoja, hata tone, hata alama ya kidole chenye mafuta, vikikutana, karakana inaruka. Léonard alikuwa akinawa mikono kwa sabuni kila asubuhi mpaka ikapasuka. Na sasa amefanya nini? Ameleta kiwanda cha oksijeni nyumbani, akakiweka karibu na mawese!

Akalishika jiko kwa kitambaa, moto na chungu na yote, akatoka nalo mbio, akapita uani, akalipeleka mwisho kabisa wa kiwanja, kando ya barabara, penye njia ya kwenda choo cha kampi. "Tangu leo moto njo hapa," akasema akihema. "Na mafuta njo hapa."

"Baba Wivine, nipike ku barabara? Bantu baangalie chungu yangu?"

"Baangalie! Heri kuonwa kuliko kuruka!"

Floribert alijaribu kueleza kwamba ya majani ni kidogo, inatawanyika, hairushi mtu. "Karani," Léonard akamjibu, "weye uliona chupa ikiruka? Mie niliona. Kofia ya muntu ilipatikana kule mbali, Kafubu."

Na bustani ikapandwa. Sasa Albertine alijua anachochagua. Léonard alikata mapipa mabovu ya karakana nusu kwa nusu. Albertine akayajaza maji na majani ya mtoni, na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, ili watu wa usafi wasipate la kusema. Penye udongo alitandaza matembele, kwa sababu yanafunika ardhi upesi na kila siku yana jani changa. Upande wa jua akapanda mipapai na migomba, na katikati mnanaa na lengalenga, mchicha wa kwao. Mimea ya maua ya kupendeza macho tu aliikataa: "Muzuri, lakini muvivu." Mvua zikanyesha, nyumba ikamezwa na majani. Wapiga hodi walipotea. Yasemekana baiskeli iliyoegeshwa hapo na tairi lisilo na upepo ilikutwa asubuhi imejaa. Na mzee mmoja aliyepita na sigara aliona imekwisha kabla hajaivuta, akarudi nyumbani analia.

Albertine alipika barabarani, anachekwa. "Leo unatupikia nini, siye bapita-njia?" walimwuliza wanaume wakitoka kazini. Naye akawajibu, "Macho yenu njo chumvi, mupite upesi isizidi." Na ndipo alipogundua kwamba amewajibu kwa pumzi moja. Jioni zikaja, mkono ule wa kooni haukuja. Ukaja mara moja kidogo, ukaenda. Akaanza kulala chali. Asubuhi alipita kati ya mapipa yake, akaona nyuzi za viputo zinaanza na jua, akayashukuru majani kwa sauti, kwa Kibemba, asisikiwe na Ma Edith.

Mumba alikuja mvua zikiwa hazijakatika vizuri. Alishuka kwa kamyoni ya samaki, mrefu, kimya, na tenga la samaki wakavu begani. Léonard alikuwa kazini. Kaka akamtazama dada kutoka kichwani hadi miguuni, akaona ana nyama usoni, akakohoa kwa kutoamini.

Kabla hawajamaliza salamu mvua ikapiga. Albertine akajifunika gunia, akaelekea mwisho wa kiwanja kusonga bukari, ugali wa kwao.

"Unaenda wapi na mvua?"

"Ku mbabula, yaya," akajibu, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao.

"Ku njia ya choo? Kwetu mugeni anapikiwa vile, sawa mbwa? Leta moto ndani."

Alikuwa kaka mkubwa. Albertine hakuwa na mdomo wa kumpinga katika siku ya kwanza. Mumba mwenyewe akaliingiza jiko, akafunga mlango mvua isiingie, akaketi na kunyoosha miguu. Makaa yalikuwa yamelowa kidogo. Yalitoa moshi kidogo, si mwingi. Albertine akatia unga. Hakumaliza kuukoroga. Mkono ukaja, bila mzaha wowote mara hii, ukafunga. Alisikia mwiko unaanguka. Alisikia kaka yake anaita jina lake la utotoni. Kisha alikuwa nje, chini ya paa la mlangoni, amebebwa kama mtoto, mvua inamrukia miguuni, na Wivine analia ndani.

Pumzi ilirudi kwa nyuzi nyembamba. Mumba alikuwa amepiga magoti, uso umemjaa maji.

"Kesho," akasema. "Kamyoni inapita hapa ku njia asubuhi. Kesho tunaenda."

Albertine hakuweza kujibu, ila aliweza kutazama. Mbele yake mipapai ipo. Migomba ipo. Matembele yapo, yanameta. Hakuna jani lililopungua tangu jana, na jana alikuwa akipumua. Kitu kimoja tu kilikuwa kimehama, nacho kilikuwa nyuma yake, pembeni mwa mlango, mahali pake pa zamani. Wazo lile lilimwumiza kuliko kifua. Basi siyo nyinyi, aliyaambia majani. Siku zote hizi ninawashukuru, kumbe ni jiko tu limetoka ndani. Alitazama mvua mpaka ikapungua, na kabla haijakoma alikuwa amewaza mbele zaidi.

Léonard alirudi ameloa, akaona jiko ndani, akapiga ukelele ambao ulimtoa Ma Edith nyumbani kwake. Albertine akamshika mkono, akamweleza polepole alichokiona. Alidhani atavunjika moyo. Léonard akapiga paja.

"Si nilisema? Oksijeni na mbabula haipatane! Tangu siku ya kwanza nilisema!"

Asubuhi ilitoka safi, jua limeoshwa. Mumba alikuwa amekwisha kufunga furushi la dada yake, amelikalia mlangoni kama mtu aliyekalia kitu kinachoweza kutoroka. Léonard, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alizunguka, anasema, anarudi.

"Yaya," akasema Albertine, "nitapanda kamyoni ukisema. Lakini kwanza angalia kintu."

Akaweka mshumaa mezani, akauwasha, akaufunika na bokali tupu. Moto ukasimama vizuri. Kisha ukapungua, ukainama, ukajivuta, ukawa doa la buluu kwenye utambi, ukafa. Hakuna aliyeugusa.

"Njo mie, jana," akasema. "Moto inakula hewa yote mu nyumba. Ulifunga mulango, mbabula ikala, mie nikabaki sawa huyu mushumaa. Mu kifua yangu hamuna mududu, yaya. Moto njo inanimaliza. Ukinipeleka Kilwa na ukanifungia mu nyumba na mbabula, nitafia pale pale mbele ya ziwa."

Mumba akaushika mshumaa, akaugeuza, akauwasha mwenyewe, akaufunika mwenyewe. Ukafa. Akatazama jiko lililokuwa nje mwisho wa kiwanja, linafuka peke yake, halafu akamtazama dada yake anayepumua.

"Na inatoka wapi ingine?" akauliza. "Kama moto inakula vile, Kilwa, hapa, bantu bote banapika. Mbona haiishe?"

Albertine akaleta bokali la pili, lenye majani ya mtoni, lililokuwa juani siku zote zile, akaligeuza na sahani mdomoni kama alivyozoea. Léonard, mikono imenawa kwa sabuni, akachovya kijiti. Kaa likafungua jicho, na moto ule mweupe ukasimama usoni mwa Mumba.

Mvuvi aliruka nyuma, akaangusha kiti. Kisha akarudi, akainama, akatazama ndani ya bokali. Akatumbukiza vidole, akayatoa majani yaliyolowa, akayavuta, akayanusa.

"Hii si ile uchafu ya mu nyavu?"

"Njo yenyewe, yaya."

"Ile tunatukana?"

"Ile ile."

Akatoka nje bila kuomba njia. Akachuchumaa kando ya nusu-pipa la kwanza, jua limeingia ndani mpaka chini, na nyuzi za viputo zimesimama toka majani hadi juu ya maji. Alikuwa amepiga kasia juu ya majani yale tangu utoto, na baba yake, na baba wa baba yake, maili na maili ya majani chini ya mtumbwi, tangu Kilwa mpaka upande wa Waingereza.

"Ziwa yote," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ziwa yote iko inafanya hii. Chini yangu. Na mie niko naimba juu."

Albertine alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja. Furushi lilikuwa bado mlangoni.

"Bulamu," Mumba akamwambia shemeji yake bila kugeuka, "ile mbabula isirudie mu nyumba hata siku moja. Hata mie nikikuja. Hata mvua ya mawe."

"Hata mvua ya mawe, bulamu."

"Basi fungua mizigo yake."

Léonard alilikimbilia furushi, akalifungua kwa meno. Barabarani kamyoni ya samaki ikasimama, ikapiga honi. Dereva akatoa kichwa, akaita jina la Mumba, akaita tena, akauliza kama watu wa kampi hii wamekuwa viziwi. Ma Edith akamjibu kwa niaba ya kampi.

"Yaya," akasema Albertine, "kamyoni iko nakuita. Itakuacha."

Mumba aliinua mkono mmoja kuwanyamazisha wote, dada na shemeji na dereva, macho yake hayajatoka majini.

"Angojee kwanza," akasema. "Kiputo ingine iko napanda."